Jenerali Musuguri: Miaka 104, Kutoka Butiama Hadi Butiama

Jumanne ya tarehe 29 Oktoba mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alitangaza kwamba Mkuu wa Majeshi mstaafu, Jenerali David Bugozi Musuguri, amefariki dunia jijini Mwanza akiwa na umri wa miaka 104. Huo ni umri ambao wachache mno huufikia, na wachache zaidi huufikia wakiwa wamepitia vita viwili vikubwa na kuiona bendera ya nchi yao ikibadilishwa mbele ya macho yao.

Makala haya tumeyaandika tukiwa Fereej Bin Mahmoud, mtaa ulioko katikati ya Doha, mji mkuu wa Qatar. Neno fereej kwa Kiarabu cha watu wa Ghuba lina maana ya mtaa au kitongoji. Huu ni mtaa wa majengo ya ghorofa na maduka madogo, ambao tangu mwezi Novemba mwaka 2019 una kituo chake cha metro katika Njia ya Dhahabu. Wenyeji wa mtaa ni wachache kuliko wageni. Utawakuta Waarabu wa nchi mbalimbali, Wahindi, Wapakistani na Wafilipino, na katikati yao tumo na sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Uganda kutafuta riziki.

Msomaji mpenzi huenda akauliza: je, jenerali wa Butiama na watu wa Fereej Bin Mahmoud wanahusiana nini? Wengi wetu tulikuwa watoto wachanga, au hatukuwa tumezaliwa, alipostaafu mwaka 1988. Jina lake tulilisikia kwa baba zetu, kila walipozungumzia Vita vya Kagera. Lakini iko sababu nyingine. Musuguri alianza maisha yake ya kazi kama sisi tulivyoanza, yaani kijana wa kijijini aliyeacha jembe na kwenda kumtumikia bwana wa mbali kwa mkataba na mshahara. Na mwisho wa safari hiyo ndefu alirudi alikotoka. Kwetu sisi tulio ugenini hilo si jambo dogo, kwani kila mmoja wetu anajua kwamba kuondoka ni rahisi kuliko kurudi.

Kijana wa Keya

David Musuguri alizaliwa tarehe 4 Januari mwaka 1920 huko Butiama, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani na kuingia mikononi mwa Waingereza. Miaka miwili baadaye, mwezi Aprili mwaka 1922, katika kijiji hicho hicho na katika kabila hilo hilo la Wazanaki, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere. Mmoja alichukua njia ya shule iliyompeleka Tabora, Makerere na hatimaye Edinburgh. Mwingine alichukua njia ya jeshi. Njia hizo mbili zilikuja kukutana tena, kama tutakavyoona.

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Musuguri alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Wazee wetu hawakujisumbua na jina hilo refu. Walichukua herufi zake tatu za mwanzo, KAR, wakaliita Keya, na hadi leo katika vijiji vingi mzee aliyepigana zama hizo hutajwa kuwa ni "mzee wa Keya".

Inafaa kukumbusha hapa ukubwa wa jambo lenyewe. Zaidi ya Waafrika laki tatu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani walichukuliwa kuitumikia Uingereza katika vita hivyo, wengine wakiwa wapiganaji na wengine wapagazi, madereva, wapishi na wajenzi wa barabara. Baadhi walijiandikisha kwa hiari yao kwa kuvutiwa na mshahara, na wengine waliletwa na machifu wao bila kuulizwa kitu. Walipelekwa Ethiopia kupigana na Waitaliano, kisha Madagascar, kisha Burma, nchi ambayo wazee waliita Bama.

Musuguri ni miongoni mwa waliopelekwa Madagascar. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya serikali ya Vichy ya Ufaransa, iliyokuwa ikishirikiana na Ujerumani, na Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wangekitumia kufunga njia ya meli katika Bahari ya Hindi. Mashambulizi yalianza mwezi Mei mwaka 1942 katika bandari ya Diego Suarez, na mwezi Novemba mwaka huo watawala wa Vichy wakasalimu amri.

Wapo walioondoka na hawakurudi kabisa. Tarehe 12 Februari mwaka 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa mashambani ambao baadhi yao huenda hawakuwa wameiona bahari kabla ya kuvaa sare. Kwao hakuna kaburi la kwenda kupalilia.

Kiinua mgongo cha rangi

Vita vilipokwisha mwaka 1945 askari waliachishwa kazi na kupewa kiinua mgongo. Ni hapa ambapo habari hii inarejea Doha. Kituo cha televisheni cha Al Jazeera, ambacho makao yake makuu yako katika mji huu huu tunaoishi, kilionyesha mwezi Februari mwaka 2019 uchunguzi uliofanywa katika nyaraka za zamani za serikali ya Uingereza. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari hao kilipangwa kwa rangi ya ngozi. Askari mweupe wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Askari mweusi wa cheo hicho hicho alihesabiwa shilingi tatu na nusu.

Tupige hesabu kidogo. Askari aliyetumikia miezi 36 alistahili shilingi 360 kama ni mzungu, na shilingi 126 kama ni Mwafrika. Risasi zilizowapita vichwani zilikuwa sawa, na homa ya malaria iliyowalaza haikubagua.

Aidha, tofauti haikuishia kwenye fedha. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwagawia mashamba katika nyanda za juu wazungu waliotoka vitani. Mwafrika aliyepigana upande mmoja na mzungu huyo hakugawiwa shamba. Alirudi kwenye kipande cha ardhi cha baba yake, kama kilikuwa bado kipo, akashika jembe alilokuwa ameliacha. Wakulima wengi tunaowakumbuka kama babu zetu walikuwa watu wa namna hiyo. Tuliwaona wakilima mihogo na kuchunga ng'ombe, na hatukujua kwamba mikono hiyo iliwahi kushika bunduki huko Bama.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa takriban pauni milioni 12 kwa wakongwe wa Jumuiya ya Madola walio katika umaskini, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ni jambo la kushukuriwa, ila lilikuja zaidi ya miaka 70 baada ya vita, wakati wengi wa waliolistahili walikuwa wameshazikwa. Mwezi Aprili mwaka 2021 tume inayoshughulikia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola nayo iliomba radhi kwa kutowapa heshima sawa Waafrika na Waasia waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ripoti yake ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao kabisa au hawakukumbukwa ipasavyo. Wengi wao walikuwa wapagazi wa Afrika Mashariki, wale wa Carrier Corps ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tunanunua nyanya na vitenge mahali hapo kila siku bila kuwakumbuka.

Sisi tunaoishi hapa tunaelewa vizuri habari ya mishahara inayopangwa kwa kutazama mtu anakotoka. Ni haki kusema kwamba tangu tarehe 20 Machi mwaka 2021 sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe, na kwamba sheria hiyo haibagui taifa la mfanyakazi. Wakati huo huo mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, Tendayi Achiume, alieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba uraia wa mtu nchini Qatar bado ulikuwa na uzito mkubwa katika kuamua hali yake ya maisha na kazi. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya usaili, akaulizwa nchi yake kabla ya kuulizwa ujuzi wake, atawaelewa wazee wa Keya bila ya kufundishwa.

Mwalimu na kuruta wake

Baada ya vita Musuguri hakurudi shambani mara moja kama wenzake. Alibaki jeshini, akapanda cheo na kuwa sajini, na akapangiwa kazi ya kufundisha makuruta katika kambi ya Kahawa nje ya Nairobi. Miongoni mwa makuruta waliopita mikononi mwake alikuwamo kijana mmoja mrefu mwenye nguvu kutoka Uganda, aliyejiunga na jeshi mwaka 1946. Jina lake lilikuwa Idi Amin.

Wakati huo Mwafrika katika jeshi hilo hakuweza kuwa ofisa kamili. Katika miaka ya 1950 Waingereza walibuni cheo cha effendi kwa ajili ya Waafrika, cheo kilichokuwa juu ya sajini na chini ya luteni wa kizungu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka 1961 bado maofisa wengi wa jeshi lake walikuwa Waingereza. Mwezi Januari mwaka 1964 askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam waliasi, na maasi yakafika hadi Tabora. Madai yao makubwa yalikuwa mawili, nayo ni mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa kizungu. Maasi yalizimwa, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka 1964 likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Musuguri aliendelea kupanda ngazi katika jeshi hilo hadi kufikia cheo cha meja jenerali.

Mwishoni mwa mwezi Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin, ambaye sasa alikuwa rais wa Uganda, yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, ng'ombe walichukuliwa, nyumba zilichomwa moto na raia waliuawa. Rais Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, nia ipo na uwezo upo. Jeshi dogo la nchi maskini lilijazwa kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na wakulima kwa maelfu wakaacha mashamba yao msimu wa mvua.

Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20. Mji wa Mutukula ulio mpakani ulitekwa mwezi Januari mwaka 1979, na kutokana na hapo askari wakamwita Jenerali Mutukula. Masaka iliangukia mikononi mwao tarehe 24 Februari. Halafu ukaja mtihani mkubwa zaidi huko Lukaya, katika barabara inayopita juu ya kinamasi kuelekea Kampala. Usiku wa tarehe 10 Machi askari wa Libya, waliotumwa na Muammar Gaddafi kumsaidia Amin, walishambulia kwa makombora na kuwarudisha nyuma Watanzania waliokuwa mbele. Lakini brigedi nyingine iliyokuwa imezunguka upande wa pili ilipiga alfajiri, na mamia ya askari wa Libya na Uganda wakauawa. Baada ya Lukaya njia ya Kampala ilikuwa wazi, na tarehe 11 Aprili mwaka 1979 mji huo ukawa mikononi mwa Watanzania pamoja na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin.

Amin alikimbilia Libya, na baadaye Saudi Arabia. Alifia katika mji wa Jeddah tarehe 16 Agosti mwaka 2003 na akazikwa huko huko, bila ya kuiona tena Uganda. Mwalimu wake wa Kahawa aliishi miaka mingine 21 baada ya hapo, tena katika nchi yake. Tunalitaja hili bila nia ya kumcheka marehemu. Waliokuwa makuruta na mwalimu wao katika jeshi la mtu mwingine walipata kila mmoja madaraka makubwa katika nchi yake, na jinsi kila mmoja alivyoyatumia ndivyo ilivyoamuliwa kama angeweza kurudi nyumbani.

Kurudi kwenye udongo

Mwaka 1980 Musuguri aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akichukua nafasi ya Jenerali Abdallah Twalipo, na akakaa katika wadhifa huo hadi mwaka 1988, kwanza chini ya Rais Nyerere na kisha chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Katika zama ambazo bara letu lilikuwa na wakuu wa majeshi wengi waliohamia ikulu kwa nguvu ya bunduki, yeye alimaliza muda wake, akakabidhi ofisi kwa Jenerali Ernest Mwita Kiaro, akarudi Butiama. Nyerere naye alikuwa ametangulia kurudi kijijini baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, akalima shamba lake kama wanakijiji wengine. Kwa hiyo wana wawili wa kijiji kimoja, aliyekwenda shule na aliyekwenda jeshini, walikutana tena uzeeni katika udongo ule ule wa mtama na mihogo. Nyerere alifariki mwezi Oktoba mwaka 1999. Musuguri, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, aliishi robo karne zaidi, akiwa katikati ya familia na majirani zake.

Tunajua kwamba si kila askari wa Kagera aliyerudi alirudi akiwa jenerali. Mgambo wengi waliachishwa jeshi vita vilipokwisha wakarudi mashambani, na walichokikuta ni nchi iliyokuwa imefunga mkanda. Vita hivyo vinakadiriwa kuigharimu Tanzania kiasi cha dola milioni 500. Nyerere aliwaomba wananchi wavumilie miezi 18 ya dhiki, lakini dhiki ilizidi muda huo kwa miaka mingi. Wale wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa. Mtu alitoka Kampala akiwa mshindi, akafika nyumbani na kukuta duka la ushirika halina hata kipande cha sabuni ya kufulia. Akalima. Akaoa, akasomesha watoto kwa pamba, kahawa au korosho, na watoto hao ndio sisi.

Wenzetu wa Uganda tunaoishi nao katika nyumba moja wana upande wao wa habari hii, na si haki kuunyamazia. Kwao vita hivyo viliondoa utawala wa kikatili, lakini viliuacha mji wa Masaka ukiwa magofu, na amani haikuja mara moja. Wapo kati yao ambao babu zao walikuwa askari wa upande ule mwingine, walioandikwa jeshini kwa sababu zile zile zilizowapeleka babu zetu, yaani njaa, chifu na mshahara. Mtanzania na Mganda wanapopika ugali katika sufuria moja hapa Fereej Bin Mahmoud, wazee wao wawili waliotupiana risasi Lukaya wako mezani nao, na ni afadhali watajwe kuliko wafichwe.

Wazee ambao bado wapo

Hapa tunafikia jambo ambalo kwetu ndilo la haraka. Wazee wa Keya karibu wote wameondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945, kama yu hai, anakaribia au amepita miaka 98. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mto Kagera leo hajafika miaka 70, na wengine wake wako kati ya 70 na 80. Hao ni baba zetu na wajomba zetu. Wako mashambani Mara, Tabora, Ruvuma, Pemba na kwingineko. Hawana wanahistoria wanaowafuata, na serikali huwakumbuka zaidi tarehe 25 Julai kila mwaka, Siku ya Mashujaa. Waliokufa vitani wana makaburi yao Kaboya mkoani Kagera. Walio hai wana kumbukumbu zao tu, na kumbukumbu haina kaburi. Mwenyewe akiondoka huondoka nayo.

Jenerali hupata taarifa ya rais anapofariki. Mgambo aliyembebea jenerali huyo masanduku ya risasi hupata tangazo la msikitini au kengele ya kanisa, na sisi watoto wake tulio mbali mara nyingi hupata ujumbe wa simu wakati mazishi yameshapita, kwa sababu likizo haikupatikana au nauli haikutosha. Hapo ndipo tunapogundua kwamba hatukuwahi kumuuliza kitu.

Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu, walio Doha na wengineo, wafanye jambo lisilohitaji fedha. Siku ya Ijumaa, ambayo wengi wetu tunapumzika, mpigie mzee simu na usimuulize afya na mvua peke yake. Muulize alijiandikisha wapi na nani alimpeleka. Muulize namba yake ya jeshi. Wazee wengi wamesahau majina ya wajukuu lakini namba hiyo hawajaisahau. Muulize alipanda gari gani, alivuka mto wapi, alikula nini, nani alikufa karibu naye na alikuwa mtu wa wapi. Muulize alilipwa kiasi gani na alikifanyia nini. Muulize nani alilima shamba alipokuwa hayupo, kwani mara nyingi jibu litakuwa ni mama au bibi yako, naye ana habari yake ya vita ambayo hakuna aliyempa nishani kwa ajili yake. Kama ana cheti cha kuachishwa jeshi au nishani kabatini, mwambie kijana wa nyumbani aipige picha pande zote mbili.

Irekodi sauti yake kwa simu yako, umpe nakala ndugu mmoja zaidi, na uandike jina lake kamili, kijiji chake na tarehe. Usimsahihishe anapokosea mwaka. Mwaka unaweza kutafutwa vitabuni, lakini rafiki yake aliyemfia mikononi kando ya barabara ya Lukaya hayumo katika kitabu chochote.

Jenerali David Bugozi Musuguri alijaliwa miaka 104, muda wa kutosha wa kuondoka, kupigana, kuongoza, kustaafu na kurudi. Mungu amrehemu, na aipe subira familia yake. Wakulima waliopigana chini yake hawatapewa wote umri kama wake. Waliobaki wanalima bado, na wengi wao hawajaulizwa.